Bagamoyo na Kaole kwa siku moja kutoka Dar: tuko 22, tupangeje?

Mratibu_Kijitonyama

Wakuu, habari za humu.

Kikundi chetu tunataka kwenda Bagamoyo na magofu ya Kaole Jumamosi moja, kuondoka asubuhi na kurudi siku hiyohiyo. Tuko 22: wazee wanne wa zaidi ya miaka 65 (mmoja anatembea kwa fimbo), watoto sita wa miaka 8 hadi 13, mgeni mmoja asiye raia, waliobaki watu wazima wenye nguvu zao. Tunataka mwongoza watalii anayejua historia kweli, siyo wa kutusomea vibao.

Naomba msaada hapa:

1. Tuanze wapi, Kaole, Misheni ya Wakatoliki au mjini?
2. Kosta moja au Noah tatu?
3. Viingilio vinalipwaje kwa kundi kama hili?
4. Kuna mjumbe anasisitiza tuunganishe na Kilwa "kwa kuwa yote ni magofu". Inawezekana?

Karibuni.

---

Bamvua

Namba nne kwanza maana ni fupi. Haiwezekani. Bagamoyo ipo kaskazini, kilomita 65 hadi 70 kutoka katikati ya jiji. Kilwa Masoko ipo kusini, kama kilomita 300, na ukifika hapo bado kuna chombo cha kuvuka kwenda Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yanastahili usiku mbili zake. Mwambie mjumbe aiweke kwenye safari ya Pasaka.

Sasa ratiba. Kaole asubuhi, Misheni kabla ya mchana, chakula, halafu mji mkongwe alasiri. Sababu ni jua. Kaole ni uwanja wa wazi: misikiti miwili isiyo na paa, makaburi, mibuyu kadhaa na mchanga. Saa sita hapo wazee hawatasikiliza historia, watatafuta kivuli. Misheni ina miembe mikubwa na makumbusho ya ndani, kwa hiyo ndiyo ya kuitumia jua linapopanda.

Saa zangu, kwa kundi lenye wazee na watoto:

Saa 12:00 asubuhi gari linaondoka. Siyo watu wanaanza kufika, gari linaondoka. Waambieni 11:30.

Saa 2:00 mnafika Bagamoyo, mnapita moja kwa moja kwenda Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji. Choo kwanza, pale mapokezi.

Saa 2:30 hadi 4:15 Kaole. Anzeni na chumba cha makumbusho, dakika 20, ndipo mtoke nje. Wengi hufanya kinyume, wanazunguka magofu bila kujua wanatazama nini, kisha wanakuta maelezo na vyombo vya kauri vya Kichina ndani wakati wamechoka.

Saa 4:45 hadi 6:15 Misheni ya Roho Mtakatifu.

Saa 6:30 chakula. Msikimbize hapa, saa nzima na robo.

Saa 8:15 hadi 10:00 mji mkongwe kwa miguu, mmalizie ufukweni kwenye soko la samaki.

Saa 10:30 kurudi.

Kuhusu ufuko, kabla ya kuchagua Jumamosi tazameni mwezi. Kwenye mwambao wetu siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50, ndiyo maana wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: maji ya kujaa yanaangukia saa nne na ya alasiri yanapwa, ingawa hayaendi mbali. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji programu ya simu, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni za bamvua. Mkienda Jumamosi ya namna hiyo, saa kumi mtakuta mashua na majahazi yanaelea, siyo yamelala ubavu kwenye tope.

Msiwaahidi watoto kuogelea Kaole. Bahari ipo nyuma ya mikoko, na hiyo mikoko ndiyo nusu ya historia yenyewe: bandari ilijaa mchanga na tope, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwongozaji asipowaonyesha hilo kwa kidole mkiwa mmesimama pale, amewanyima jambo kubwa.

---

Kosta_na_Tochi

Mimi nichukue namba mbili.

Kosta moja. Noah tatu maana yake madereva watatu, vituo vitatu vya mafuta na watu wa kusubiriana Bunju nusu saa. Kosta nyingi zina siti 26 hadi 30, mko 22 na mwongozaji mnaweza kumbeba, nafasi inabaki ya deli na vyakula. Hesabu siti zenyewe kabla ya kulipa, usihesabu zile za kukunja za katikati. Mzee mwenye fimbo hawezi kuwa nyuma ya siti ya kukunja, kila kituo mtasimamisha watu watano ili yeye ashuke. Mpeni siti ya mbele karibu na mlango.

Mafuta: kutoka Kijitonyama kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya Kaole na Misheni, wekeni kilomita 160. Kosta iliyo salama injini hula lita moja ya dizeli kwa kilomita 5 hadi 6, yaani lita 27 hadi 32. Mwenye gari akisema lita 60, ama gari ni bovu ama ninyi ndio mnajaziwa tangi lake la wiki nzima. Mkubaliane mapema kama bei ni "na mafuta" au "bila mafuta", pia nani analisha dereva. Dereva mwenye njaa huanza kupiga honi saa tisa.

Ulizieni leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ya gari la kukodi. Kosta ya njia ya daladala ikibeba kundi nje ya njia yake bila kibali, trafiki anaisimamisha Boko, na ninyi ndio mtakaokaa juani akijieleza. Ombeni picha ya leseni na ya bima siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari.

Barabara ni lami mwanzo mwisho: Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Tatizo si ubovu, ni tochi za trafiki za kupimia mwendo. Vijijini kibao ni 50, na baada ya Bunju barabara inakuwa tupu kiasi kwamba dereva anasahau kuwa bado yuko kijijini. Faini ya 30,000 kwa kosa moja, tochi mbili njiani na bajeti ya maji imekwisha. Andikeni kwenye makubaliano kwamba faini ya mwendo ni ya dereva, mtashangaa anavyoendesha kwa adabu.

Saa 12:00 aliyoitaja Bamvua ni sahihi. Mkiondoka saa 2:00, Mwenge hadi Tegeta peke yake inaweza kula saa nzima.

---

Kijukuu_wa_Dunda

Bamvua kasema vizuri ila ratiba yake inarudi nyuma. Tazameni ramani: ukitoka Kaole kuingia mjini unakutana na Ngome Kongwe kwanza, kisha Mtaa wa India unakupeleka kaskazini: nyumba ya Liku, Boma la Wajerumani, Forodha, soko la samaki. Misheni ipo upande wa juu kabisa, kaskazini mwa mji. Mstari ni mmoja. Yeye anatoka Kaole, anauruka mji mzima kwenda Misheni, halafu anarudi mjini. Kwa nini msimalizie Misheni?

---

Bamvua

Kwa sababu jua halimo kwenye ramani, mkuu. Mstari wako unawaweka wazee Mtaa wa India kuanzia saa 4:30 hadi saa 6, na barabara ile ina kivuli cha kuomba. Kurudi nyuma ni dakika kumi ndani ya gari.

Nakupa nusu, hata hivyo. Kundi la vijana watupu, au siku ya mawingu ya Juni hadi Agosti, mstari wako ni bora, maana historia inakwenda kwa mpangilio wa karne na hakuna kurudiarudia njia. Kwa wazee wanne, hapana.

---

Kijukuu_wa_Dunda

Sawa, nimekuelewa. Basi niongezee la huyo mwenye fimbo: mji mkongwe asitembee wote. Kutoka Caravan Serai, jumba lililokuwa kituo cha misafara, hadi ufukweni si mbali, lakini kwa kusimama kila jumba ni saa moja na nusu ya miguu. Kodini bajaji mbili kwa saa hizo, ziwe zinawatangulia wazee jumba hadi jumba. Bei ya kuzunguka na kusubiri ipangwe kabla ya kupanda. Hili la kusubiri ni muhimu zaidi kwa wale wanaokwenda wenyewe kwa daladala kutoka Makumbusho: ukichukua bajaji au boda hadi Kaole bila kumlipa wa kusubiri, kurudi ni miguu, maana kule usafiri haupiti ovyo.

---

Kitabu_Wazi

Mmeomba mwongozaji anayejua. Njia ya kumpima ni kumuuliza mambo machache kwa simu kabla ya kumpa malipo ya awali. Mtafuteni kupitia ofisi ya pale Caravan Serai, siyo kijana anayewadaka mkishuka garini, kisha mumpime hivi.

Bushiri alinyongwa wapi? Akijibu Bagamoyo, mshukuruni na mkate simu. Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani wa 1888 na 1889, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo pana alama ya mahali Wajerumani waliponyonga watu wengine wa upinzani huohuo, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mtu anaona kamba moja, anaifunga kwenye shingo ya mtu maarufu zaidi.

Boma lilikuwa makao makuu ya koloni? Wengi hujibu ndiyo, kwa sababu ndilo jengo kubwa. Lakini Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam, na Boma lilijengwa 1897. Ni jengo la utawala wa wilaya, lililojengwa mji ukiwa umeshapoteza cheo. Kazi za utawala za miaka ile ya mwanzo zilifanyika nyumba ya Liku, ambayo watu wanaipita wakitafuta Boma la kupigia picha.

Mnara wa Livingstone aliujenga nani? Siyo yeye, wala haukujengwa kwa ajili yake. Ni mnara wa kanisa la kwanza la Misheni, la 1872. Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wasaidizi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wakaubeba mwili hadi pwani, ukafika Misheni Februari 1874, ukalazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa Westminster Abbey, London, Aprili 1874. Safari yake ya mwisho akiwa hai ilianzia Mikindani, karibu na mto Ruvuma, mwaka 1866, siyo Bagamoyo. Walioanzia upande huu ni wapelelezi Burton na Speke, 1857, walioshukia Kaole kulikokuwa na kambi ya askari Wabaluchi wa Sultani, na Stanley mwaka 1871.

Bagamoyo maana yake nini? Hapa hakuna jibu la kufelisha mtu, kuna jibu la kumpima. Maelezo yanayouzwa kwa wageni ni kwamba mtumwa alibwaga moyo hapa, akakata tamaa. Maelezo mengine ni ya wapagazi: umefika pwani baada ya miezi ya njia kutoka Unyamwezi na Ujiji, tua mzigo, bwaga moyo, pumzika. Kwa Kiswahili chetu hilo la pili linakaa vizuri zaidi, maana kubwaga ni kutua kitu kizito. Tena wapagazi wa pembe za ndovu, watu huru waliolipwa, walipita hapa kwa wingi mno. Hilo haliondoi biashara ya watumwa, ilikuwepo na ilikuwa ya kikatili. Mwongozaji mzuri atawapa yote mawili na kuwaambia kwa nini. Mbaya atawapa la machozi tu kwa sababu bakshishi yake ni nzuri.

Misheni yenyewe: mapadre wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Zanzibar 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa kubwa mnaloliona lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Watoto waonyesheni mbuyu uliomeza mnyororo, huo wataukumbuka kuliko tarehe zote nilizoandika.

Kwa watu wa Dar kuna jina moja la kusimamia muda mrefu kidogo: Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897. Alipata mali kwa kuwauzia misafara vifaa na kuwatafutia wapagazi. Jengo la shule alilolitoa bado lipo mjini, na hospitali aliyoigharamia Dar ndiyo mzizi wa Muhimbili, ambako wodi ina jina lake hadi leo. Wazee wenu watakuwa wamelisikia "Sewa Haji" maisha yao yote bila kujua ni mtu wa Bagamoyo.

Na kwa wapenda vituko: Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, aliyetolewa bara na Stanley kwa shida na vifo vingi njiani, alifika Bagamoyo Desemba 1889, akaandaliwa karamu, akaanguka kutoka ghorofani usiku huohuo na kulazwa wiki kadhaa. Kavuka misitu yote ile, kashindwa na dirisha.

---

Fundi_Chokaa

Ya Kaole yamepitwa haraka, nami naona ndiyo yenye mengi kwa anayetazama kwa jicho la ujenzi.

Mawe yote mnayoyaona ni matumbawe. Yapo ya aina mbili na mwongozaji awaonyeshe tofauti. Jiwe la kuta ni la nchi kavu, gumu, lenye matundu, linapangwa kwa chokaa na mchanga. Jiwe la kazi nyembamba, kama mihrabu na kingo za milango, ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na unyevu linachongeka vizuri, likikauka linashika umbo. Ndiyo maana mihrabu ina kona kali wakati ukuta ulio kando yake ni kama uji ulioganda. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo, kisha ikaloweshwa na kuachwa ikae kabla ya kutumika. Haraka ikiingia kwenye chokaa, plasta hupasuka.

Msikiti wa zamani zaidi unawekwa karne ya 13, na mji uliendelea hadi karne ya 16. Neville Chittick ndiye aliyefanya uchimbaji wa kwanza wa kitaalamu, 1958. Makaburi ya nguzo ndiyo alama ya mwambao wa Waswahili, hamtayakuta Uarabuni kwa sura hii. Tazameni juu ya nguzo na kwenye kuta za makaburi: mashimo ya duara ni mahali palipopachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka China. Vyombo vingi vimetoka, ama kwa kuhifadhiwa ama kwa kuibwa, na shimo likibaki wazi mvua inaingia moyoni mwa nguzo.

Adui wa haya magofu ni watatu. Mizizi: mche wa mtini unaota kwenye ufa ukiwa mwembamba kama uzi, baada ya miaka ukuta unafunguka. Chumvi: unyevu wa bahari unapanda kwenye jiwe, ukikauka chumvi inabaki ndani na kusukuma uso wa plasta hadi unabanduka kama maganda. Na saruji: mtu mwenye nia njema anaziba ufa kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui, unyevu unanasa nyuma yake, jiwe linaoza huku kiraka kikibaki kizima. Mkiona kiraka cha kijivu kimebaki kama sahani na jiwe pembeni limeliwa, ndiyo hiyo. Ukarabati wa sawa unarudia chokaa.

Kwa hiyo watoto wasipande kuta. Mtoto wa kilo 30 havunji ukuta, ila anang'oa jiwe la juu, na jiwe la juu ndilo kofia ya mvua. Picha ya kundi mpige mbele ya mbuyu.

Kuhusu huo mbuyu, mtaambiwa ukiuzunguka unaongeza umri. Zungukeni, hauna gharama.

Heshima pia: Kaole siyo mabaki tu. Kuna watu hadi leo wanakuja kuomba na kutambika, hasa kwenye kaburi linaloitwa la Sharifa. Mkikuta ubani au kitambaa msiguse, mkikuta mtu anaomba sogeeni kwingine kwanza. Kanga au kitenge cha kujitanda kwa wanawake kiwemo kwenye begi, na kaptula fupi kwa wanaume ziachwe za ufukweni, maana mji wenyewe ni wa Kiislamu na mtapita mbele ya baraza za watu.

---

Mratibu_Kijitonyama

Nashukuruni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Yamebaki mawili: viingilio, na chakula. Halafu je, mvua ikinyesha?

---

Risiti_Kwanza

Viingilio. Vituo hivi ni vya serikali, malipo hupita kwa namba ya malipo ya serikali, siyo noti mkononi. Misheni ni ya Kanisa, ina utaratibu wake na pesa yake, msizichanganye kwenye hesabu.

Kosa linalokula muda ni kufika watu 22 getini, kila mmoja na simu yake, mtandao unasuasua, namba inagoma kutoka. Siku moja kabla pigeni simu kituoni, watajieni idadi kwa mafungu: watu wazima raia, watoto raia, asiye raia. Mwombe namba moja ya kundi, mtu mmoja alipe, risiti ichapwe au ipigwe picha. Asiye raia hulipa zaidi kwa kiasi kikubwa, na kama ana kibali cha ukaazi akibebe chenyewe, maneno hayatoshi. Raia wabebe kitambulisho cha taifa (NIDA). Si kila mara mtaulizwa, lakini atakayeulizwa ni yule aliyekiacha nyumbani. Kama watoto wanakwenda kwa jina la shule, barua ya mkuu wa shule yenye mhuri iwe mkononi. Kupiga video ya biashara au kurusha droni ni kibali kingine, kiulizieni mapema au kiacheni.

Malipo ya mwongozaji ni nje ya kiingilio. Ulizeni: ni kwa kundi au kwa kichwa, ni kwa Kaole peke yake au pamoja na mji? Watu 22 kwa mwongozaji mmoja ni wengi kidogo. Wa nyuma hawasikii kitu ufukweni kwa upepo. Wakiwa wawili, mmoja akakaa na wazee na bajaji zao, thamani yake mtaiona.

Chakula: msifike saa 6:30 na kuagiza. Mgahawa wa kawaida hauna samaki 22 wa kukaanga kwa mpigo, mtasubiri hadi saa 8 na ratiba yote imekwisha. Agizeni siku mbili kabla, aina mbili tu za chakula, kwa mfano wali na samaki wa nazi, au pilau na kuku, mlipe nusu. Mwezi wa Ramadhani mama ntilie wengi hawafungui mchana, chagueni mwezi mwingine au bebeni chakula na mle Misheni au ndani ya gari, siyo barazani kwa watu waliofunga.

Maji lita moja na nusu kila mtu: katoni mbili za chupa 12 zinatosha na mbili zinabaki. Barafu inunuliwe Dar. Dawa ya mbu kwa ajili ya mikoko, viatu vya kufunika vidole, kofia.

---

Bamvua

Mvua: msiweke safari Machi mwishoni hadi Mei kama mna hiari. Masika yakikolea, Kaole nyasi ni ndefu na matumbawe yanateleza vibaya kwa mtu wa fimbo. Mvua ya vuli huwa ya kupita, mnakaa garini nusu saa mnaendelea. Ikiwakuta asubuhi, geuzeni: Misheni kwanza, ndani ya makumbusho, Kaole saa 4:30 mawingu yakiwa bado yamefunika jua.

Ikiharibika kabisa na bado mnataka magofu, kuna Kunduchi hapohapo Dar: msikiti na makaburi ya nguzo, mengine yakiwa na alama za sahani za Kichina kama Kaole. Mnachepuka kutoka Barabara ya Bagamoyo kuelekea baharini. Nusu saa inatosha. Nendeni kwa kundi na mwenyeji, msiache mabegi garini. Wengine huichomeka wakati wa kwenda ili kufananisha na Kaole. Mimi singefanya hivyo na wazee, dakika hizo 30 zinawatoa kwenye ubaridi wa asubuhi.

---

Kosta_na_Tochi

Na saa 10:30 ya kurudi isimamieni. Kutakuwa na watu watano wamebaki soko la samaki wakipatana bei ya changu. Samaki wa kubeba Dar wanunuliwe na mtu mmoja kwa niaba ya wote, wawekwe kwenye deli lililokuwa na maji, barafu iliyobaki juu yao, deli lifungwe kamba. Lisipofungwa likapinduka Mapinga, mwenye Kosta atawadai gharama ya kuosha zulia, na atakuwa na haki.

---

Mratibu_Kijitonyama

Nimeangalia kalenda, Jumamosi ya mwezi ujao inaangukia tarehe 16 ya Kiislamu. Naanza na simu ya Caravan Serai leo, swali la kwanza Bushiri.